Mama Anayefagia Kando ya Haiwei

Sikiliza, mimi si mtu wa hadithi. Kanisani kwetu kuna watu wanaoota kila wiki, wengine wamewahi kuona malaika kwenye maegesho ya magari, na mimi huwa naketi nyuma nikingoja wamalize tuimbe. Hili ninalokusimulia nililiona kwa macho yangu haya, saa nne asubuhi, jua limetoka, tumbo limeshiba chai na mkate. Sikuwa na homa. Sikuwa na usingizi. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kisha unisikilize.

Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo. Nilizaliwa na Kiswahili cha kwetu, halafu miaka ya kambini Kigoma ikaninyoosha ulimi, ndiyo maana utanisikia nachanganya. Amerika tulianzia Houston, mtaa wa Gulfton, kwenye yale majengo ya vyumba ambako jirani wa juu akipiga chafya wewe wa chini unamwombea afya. Baadaye tukahamia Grand Prairie, mimi, mke wangu Nabintu na binti yetu Neema. Nabintu akapata kazi ya kutunza wazee. Mimi nikapata ya kukata nyasi kando ya barabara.

Usiidharau kazi hiyo. Haiwei za huku, yaani barabara kuu za mwendo kasi, zina ukanda mpana wa nyasi pembeni, na zile nyasi hazijikati zenyewe. Wenye trekta wanakata sehemu tambarare. Sisi wa miguu, na mashine zetu za kubeba begani, tunamalizia kwenye nguzo, mitaro na vibao. Unavaa reflekta, unaziba masikio, unafanya kazi huku malori yanakupulizia upepo mgongoni siku nzima.

Barabara yenyewe namba yake sikutajii. Kuna watu wanakaa karibu nayo, na sitaki vijana waende pale na simu zao kupiga video. Nitakwambia tu kwamba ni barabara ya jimbo, iko katikati ya mji, kati ya Dallas na Fort Worth, na ni fupi ajabu. Inachomoka kwenye haiwei kubwa kwa madaraja ya zege yaliyopandana, inapita chini ya reli, inapita maghala, inapita uwanja wa magari mabovu, halafu, bila sababu yoyote unayoiona, inaisha. Njia sita, vibao vikubwa vya kijani, taa ndefu, vyote vinafika kwenye taa za kusimamisha magari mbele ya duka la matairi kuukuu, basi. Ukiingia na wimbo wa kwaya redioni, kabla wimbo haujaisha barabara imeisha. Mwenzangu Beto, mtu wa Honduras niliyekuwa nikipangwa naye kila siku, alikuwa akisema wajenzi waliishiwa saruji.

Kuna jambo jingine tulilokuwa tukiliona pale. Kwenye ule ukanda wa nyasi, kati ya haiwei na barabara ndogo ya pembeni inayofuatana nayo, kuna miti mikubwa ya pekani, ile inayozaa kokwa za kuliwa, iliyosimama kwa mstari, kila mmoja umbali sawa na mwenzake. Na baridi inapoanza kukatika, mwezi wa pili, yanachipuka maua ya manjano, nayo pia kwa mistari. Mistari miwili miwili, kama pembeni mwa njia ya kuingilia kwa mtu. Nani anapanda maua kwa mistari kando ya haiwei? Tulijiuliza siku moja, tukakosa jibu, tukaendelea kuyakata.

Asubuhi hiyo Beto alikuwa mbele yangu kama hatua mia moja. Mimi nilifika kwenye mistari miwili ya maua, nikashusha mashine nianze. Mtu akaniambia:

"Watu wa kwenu huingia uani kwa mtu bila hodi?"

Nilishtuka kama mtoto aliyekamatwa na kidole kwenye sukari. Nikazima mashine. Alikuwa mama mtu mzima, Mweusi wa hukuhuku, gauni la nyumbani lenye vifungo mbele, kitambaa kichwani, ufagio mkononi. Hakuwa mweupe kama karatasi, hakuwa na miguu ya mbuzi. Alikuwa mama tu, wa kama miaka sitini, anayefagia. Nikamjibu upesi bila kufikiri:

"Samahani, mama. Hodi."

"Karibu. Hayo maua yaruke, tafadhali. Nimeyapanda mimi."

Niamini, sikuona ajabu. Nilivuka katikati ya mistari ile nikamsogelea, nikamwamkia vizuri. Akaniuliza natoka wapi, nina watoto wangapi, mke wangu hajambo. Akaniambia anaitwa Verdell. Akaanza kunionyesha majirani, akinyoosha mpini wa ufagio.

"Pale kwa Amos, fundi viatu. Yule ukimpa kiatu leo, utakipata mwezi ujao. Pale kanisa letu. Kule chini shule. Kutoka hapa mpaka relini kuna njia panda nne, na watoto wakitoka shuleni wanakimbia hawatazami. Ukifika na gari lako kwenye njia panda, punguza mwendo, mwanangu."

"Ndiyo, mama. Nitapunguza."

Kule aliponyooshea mimi niliona haiwei tu. Malori yanapita, magari yanapita. Lakini yalipita kimya. Masikio nilikuwa nimeshayazibua, na sauti pekee niliyoisikia ni ufagio wake, kwaru, kwaru, kwenye udongo.

"Ingia ndani basi," akasema. "Kahawa ipo."

Nikamjibu kama ambavyo mimi na wewe tumejibu mara elfu moja maishani. "Leo niko kazini, mama. Nitakuja."

"Lini?"

"Siku moja nitakuja."

Akanitazama sana. Si kwa hasira. Kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyemsahau. "Haya," akasema. "Nitakungoja."

Beto akanishika bega, na makelele ya magari yakaniingia yote kwa pamoja mpaka nikajikunyata. Beto alikuwa ameiva uso. Akaniambia amenipigia kelele, amenirushia kofia, sikugeuka. Nimesimama pale kwa muda mrefu, mashine imezimwa, natikisa kichwa, nacheka, naongea.

"Nilikuwa na yule mama," nikamwambia.

"Mama yupi?"

Nikageuka. Nyasi, maua, kibao cha kijani. Beto akasema jambo moja zaidi, na hilo ndilo lililoniingiza baridi. Alisema wakati nilipokuwa naongea, nilinyanyua mguu mmoja, kisha wa pili, kama mtu anayepanda ngazi mbili, nikasimama pale juu ya nyasi tambarare.

Halafu nikafikiri jambo lingine. Yule mama alikuwa mtu wa Texas. Mimi Kiingereza changu ni cha kuombea kazi. Tuliongea lugha gani? Tuliongea Kiswahili. Si cha Kigoma, si cha Nairobi. Kile cha Uvira, cha mtaani kwetu, na alivyovuta neno "mwanangu" ndivyo alivyolivuta mama yangu mzazi.

Siku ile nilimaliza kazi. Tatizo lilianza jioni nilipokuwa narudi nyumbani. Niko katikati ya haiwei ileile, mwendo wa kawaida, mbele kweupe, mguu wangu ukakanyaga breki. Nasema mguu, kwa sababu mimi sikutaka. Gari la nyuma likanipigia honi ndefu. Mbele kidogo, tena. Mara nne, kisha reli, kisha mguu ukawa wangu. Kesho yake vilevile. Sehemu nne zilezile, kama zimewekewa alama. Barabara nyingine zote niliendesha salama.

Mchungaji aliniombea, na nilimshukuru. Mguu haukusikia.

Sikumwambia Nabintu. Nilijiambia nitazoea, nitakaa njia ya pembeni, nitawasha taa za tahadhari. Ndivyo tunavyojidanganya. Jumamosi moja nilikuwa nampeleka Neema kwenye mazoezi ya kwaya. Ana miaka kumi na sita, masikioni ameziba na muziki wake. Tulipofika sehemu ya pili mguu ukakanyaga kwa nguvu kuliko siku zote, gari likasimama kabisa. Kwenye haiwei! Lori lililokuwa nyuma likakwepa kulia, likatupita karibu kiasi kwamba kioo chetu cha pembeni kilikunjika. Neema hakulia. Alitoa vitu masikioni, akaniuliza kwa Kiingereza, taratibu, kama muuguzi anavyomuuliza mgonjwa:

"Papa, umesimamia nini?"

Niliondoa gari polepole. Ningemwambia nimesubiri watoto wavuke?

Usiku huo Nabintu alisikia yote. Mke wangu si mtu wa kupiga mayowe. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja mpaka nilipomaliza. Kisha akauliza.

"Papa Neema, ulimwambia utakuja?"

"Nilisema tu vile watu wanasemaga."

"Naye akakuuliza ni lini?"

"Aliuliza."

"Basi yeye hakusikia vile watu wanasemaga. Alisikia kwamba utakuja."

Kabla ya kwenda nilitaka kujua ninaenda kwa nani. Karibu na lile duka la matairi kuna mzee Mweusi, Curtis, anayenoa visu vya mashine za nyasi kwenye gereji yake. Kampuni yetu ilikuwa inampelekea kazi. Nilimkuta ameketi nje, nikamuuliza kwa Kiingereza changu kama anamfahamu fundi viatu aliyekuwa akiitwa Amos.

Akaacha kunoa. "Nani amekutajia Amos?"

Nikamwambia ni mama anayeitwa Verdell. Mzee akaweka kisu chini. Kisha akachukua kipande cha boksi, akachora. Akachora mtaa mmoja mrefu, nyumba huku na huku, kanisa, shule. Akachora njia panda nne. Sikuhitaji kuhesabu hatua. Mguu wangu ulizijua zote.

Alinieleza hivi. Pale palikuwa mtaa wa watu Weusi, wenye nyumba zao na miti yao ya pekani. Wakaja watu na karatasi, wakasema haiwei inapita. Ilitakiwa iwe ndefu, ivuke mji mzima mpaka upande wa pili. Wakaanzia kwao. Nyumba zikabomolewa, mtaa ukafunikwa, haiwei ikajengwa mpaka ilipofika kwenye nyumba za wenye mawakili. Hapo mpango ukasimama.

"Ndiyo maana ni fupi," akasema. "Walipomaliza kwetu, walikuwa wamemaliza."

"Na mama Verdell?"

"Alikuwa wa mwisho kuondoka. Kila aliyehama alipita kumuaga, na kila mmoja alimwambia atakuja kumwona huko atakakokuwa. Alihamishiwa kwa mwanawe, upande ule wa mto. Aliweka viti barazani, anatungoja. Hakwenda mtu mpaka akafa." Akachukua kisu kingine, akakitazama makali. "Mimi nilikuwa kijana, nilimbebea kabati lake. Nilimwambia nitakuja Jumapili. Na gari nilikuwa nalo."

Nikamwambia naenda kumwona, kama anataka twende pamoja. Akasema, "Siku nyingine nitakuja na wewe." Akasikia mwenyewe alichosema. Akainamisha kichwa, akawasha jiwe la kunolea, nikaondoka.

Tulikwenda Jumapili asubuhi kabla ya ibada, mimi na Nabintu tu. Nabintu alivaa kitenge chake kizuri, akabeba chupa ya chai na beinye za moto, yale maandazi ya kwetu, ndani ya kitambaa. Alisema mtu haendi kwa mtu mikono mitupu, hata awe nani. Tuliegesha gari kwenye barabara ndogo ya pembeni, tukatembea kwenye nyasi mpaka kwenye maua. Siku zile yalikuwa yameanza kunyauka. Vigingi vya mbao vyenye utepe wa rangi ya waridi vilikuwa vimeshachomekwa kila mahali, kwa sababu haiwei ilikuwa inataka kupanuliwa na ule ukanda ulikuwa unakwenda na upanuzi.

"Hodi," nikasema.

Malori tu. Nabintu akasimama pembeni yangu, akapaza sauti: "Hodi hapa!"

Na ule ukimya ukaja. Nabintu anakubali mpaka leo kwamba ukimya aliusikia. Anasema ilikuwa kama mtu amefunga dirisha. Kumwona hakumwona. Mimi nilimwona akitoka, anajifuta mikono kwenye gauni, na uso wake, ndugu yangu, siwezi kukueleza vile ule uso ulivyofanya alipoona kuna wageni wawili.

Tuliketi pale chini kwenye nyasi. Nabintu alimimina chai vikombe vitatu bila kuniuliza. Mama Verdell akauliza jina la mke wangu, akalirudia polepole mpaka akalipata. Akasifu kitenge. Nilikuwa namfikishia Nabintu maneno, naye anajibu akitazama mahali nilipotazama mimi, kwa heshima, kama anavyoongea na wazee wake wa kazini wasioona vizuri. Tukaongea mambo ya kawaida kabisa. Magoti yanavyouma wakati wa baridi. Watoto wasiosalimia. Kisha mama akauliza:

"Wengine umewaona njiani?"

"Hapana, mama. Ni sisi tu."

Akatikisa kichwa. Nikaona nimwambie na lile lingine. "Watapanua haiwei. Itafika hapa tulipokaa."

"Najua. Walikuja na karatasi." Alisema hivyo kama ni jana. Labda kwake ni jana. Akashika kikombe, hakunywa. "Na wewe, mwanangu. Utakuja tena?"

Neno lilikuwa mdomoni tayari. Ni neno la adabu, si ndiyo? Mgeni anaaga, anasema nitakuja tena, mwenyeji anafurahi, maisha yanaendelea. Nilimtazama nikafikiria viti vyake barazani. Nikajua kwamba sina nguvu za kurudi mahali pale, na kwamba mwezi wa sita patakuwa lami.

"Hapana, mama," nikasema. "Sitakuja tena."

Nabintu alinigeukia haraka. Nilitegemea, sijui, upepo, kilio, kitu. Mama Verdell alikaa vilevile. Kisha mabega yake yakashuka, kama mtu anayetua ndoo ya maji.

"Aksanti," akasema. "Watu wote waliniambia watakuja. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia ukweli."

Akasimama, akachukua ufagio wake, na magari yakarudi na kelele zao. Beinye zilikuwa zote ndani ya kitambaa, hakuna iliyoliwa. Vikombe vitatu vilikuwa vimejaa na chai imepoa, na Nabintu akanionyesha saa ya simu yake: ibada ilikuwa imekwisha zamani. Tulirudi nyumbani yeye akiendesha. Tulipoegesha, alizima gari akasema tu, "Ulifanya vizuri," kisha akalia kidogo, akafuta uso, tukaingia ndani.

Haiwei wameipanua. Miti ya pekani imebaki miwili, upande wa relini. Kazi ya nyasi niliiacha, siku hizi niko ghala moja hapa Grand Prairie, napanga maboksi, na hakuna anayenisemesha. Mguu wangu haukupona. Umetulia tu: nikilazimika kupita pale unagusa breki kidogo mara nne, hausimamishi gari tena, na mimi nimeacha kushindana nao. Njia nyingine ni ndefu, lakini mara nyingi ndiyo ninayopita.

Kilichobadilika zaidi ni mdomo. Siwezi tena kusema nitakuja kama siendi. Nikijaribu, neno linakataa kutoka. Watu wetu wananiona nimekosa adabu. Mtu ananialika harusi ya mtoto wake Houston, namwambia usoni, "Sitakuja, niko kazini," anakasirika. Binamu yangu alininunia miezi mitatu. Nabintu ndiye anayepita nyuma yangu akiomba radhi. Afadhali waninunie.

Wewe unayesikiliza hili, kama unaendesha gari miji hii, siku moja unaweza kujikuta kwenye kipande kifupi cha haiwei mchana mweupe, halafu sauti za magari zikatike zote kwa pamoja. Funga kioo, tazama mbele, endelea. Usimtafute. Lakini kama umeshachelewa, kama umeshasimama na umeshaambiwa karibu, basi mwamkie mama huyo kwa heshima, uruke maua yake. Na akikuuliza kama utakuja, mwambie ukweli palepale, hata kama ni hapana.

Hapana ataivumilia. Mimi nilimwona akiivumilia.